Kiti cha Mabli

Krismasi ilipokaribia nilimwambia mkuu wa shule kwamba mwaka huu wa masomo ukiisha, Julai, naondoka. Nyonga yangu ya kushoto imekataa ngazi, na mimi nimekataa mengine mengi. Dada yangu Mairwen ana karavani, kijumba cha magurudumu, pwani ya magharibi, mahali ambapo mvua hunyesha bila kelele za watoto, na ameshanitandikia kitanda cha dirishani. Mkuu alisikitika kwa adabu. Anaitwa Bowen. Nilimfundisha mwenyewe tangu meno yake ya mbele yalipokuwa yamepishana, na mpaka leo hawezi kuniita Eirwen. Huniita Mwalimu, hata tukiwa wawili tu.

Kwa hiyo suala la mwanafunzi wangu Mabli halikupaswa kuniuma. Mtu anayefunga virago haulizi nani atapaka rangi kuta. Lakini liliniuma, na nilikasirika kwamba linaniuma.

Shule yetu ni ya halmashauri, haina ada, na kila somo tunalifundisha kwa Kiwelisi, lugha ya asili ya nchi yetu: hesabu, kemia, hata raga uwanjani. Majumbani mwa watoto wengi ni Kiingereza kitupu. Wazazi wenyewe walinyimwa lugha, ndiyo maana wanatuletea watoto wangali wadogo, wengine wana miaka mitatu, wafundishwe kile ambacho nyumbani hakipo. Bibi wa bibi yangu alichapwa fimbo shuleni kwa kusema Kiwelisi. Sisi tumeigeuza ile fimbo: siku hizi mtoto akifungua kinywa na Kiwelisi kikatoka, tunampigia makofi. Alichosema ni nini hasa, hakuna anayeuliza.

Ukipita kwenye korido unawasikia wanasema Kiwelisi. Ukikata kona tu, Kiingereza kinafunguka kama bomba. Nimekata kona ile miaka mingi. Siku hizi nakohoa kabla sijafika, nisiwaaibishe wao wala nisijiaibishe mimi.

Mabli Rosser alikuwa na miaka kumi na sita, na kichwa chake kilikuwa kikali kuliko vyote nilivyopata kuvifundisha. Alikuwa akimaliza kazi kabla sijamaliza kuieleza. Na akishamaliza, tulimfanyia nini? Tulimwambia, “Mabli, msaidie Iestyn.” Iestyn ni kijana mwema ambaye sentensi humtoka kwa kuvutwa kama ng'ombe matopeni. Kwa hiyo msichana amekaa kando ya Iestyn tangu wakiwa wadogo, akifanya kazi ya ualimu bila mshahara. Wakaguzi wakija, Mabli ndiye huwapokea. Kwaya ikipungukiwa, Mabli huimba. Hata bango lililofungwa kwenye ua wa shule, upande wa barabara ya kwenda supamaketi, lina uso wa Mabli anacheka, ingawa mvua imeshalibandua shavu moja.

Sasa alikuwa amepata nafasi katika chuo cha mjini, cha Kiingereza, cha kusomea ile miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu. Kila mwaka wenye vichwa vyao huteremka bondeni na treni ya asubuhi kwenda huko. Wanaobaki kwetu ni wenye moyo, pamoja na wale waliochelewa kuomba. Mabli akiondoka, darasa langu la fasihi la juu linafungwa, na wachache watakaosalia watapakiwa kwenye basi dogo kwenda shule ya bonde la pili. Hilo Bowen alilijua, mimi nililijua, na nadhani hata yule mpishi wa kantini alilijua.

Wiki moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Daudi, mlinzi wa nchi yetu, Bowen alinifuata kwenye chumba cha walimu, akafunga mlango, akajifanya anatafuta sukari. Alizunguka sana kabla ya kufika alikokuwa anakwenda. Alipofika alisema, “Mwalimu, ukimkalisha kitini, hatoki. Nani ameshawahi kuikimbia shule iliyomkalisha kitini?”

“Wengi,” nikamwambia. “Na wewe hukukalishwa, tazama, bado upo.”

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole. Akaondoka bila sukari.

Kiti anachokisema ni cha eisteddfod ya shule, tamasha letu la mashairi na nyimbo la sikukuu hiyo. Cledwyn, mwalimu wa useremala, hukichonga kila mwaka kwa mti wa mwaloni. Washairi huandika kwa majina ya uongo, na jaji ni mimi. Siku yenyewe taa za ukumbi huzimwa, jaji hulitaja jina la uongo jukwaani, tarumbeta inalia, na mwenye jina anasimama gizani huku taa moja ikimmulika. Hupandishwa, akavikwa joho, akakalishwa, na vitoto vya shule ya awali humchezea ngoma na maua mikononi. Nimeona vijana wagumu wa raga wakilia kwenye kiti kile.

Katika matamasha makubwa ya taifa, shairi lisipofikia kiwango jaji husema hakuna aliyestahili. Kiti hubaki kitupu, na watu wazima hurudi nyumbani kimyakimya kana kwamba kuna msiba. Shuleni jambo hilo halijawahi kutokea. Linatokeaje, na vitoto vimeshafundishwa ngoma, na mpiga tarumbeta ameshaombewa ruhusa ya kukosa kemia?

Nilisoma mashairi yote mchana mmoja wa mvua, na chai ikanipoa. Mada ilikuwa “Mlango.” Shairi la Mabli nililitambua hata kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Alijiita Jivu. Ndani yake babu anashuka mgodini, mlango wa chuma unajifunga nyuma yake, vumbi la makaa linamla mapafu, anakufa, na lugha inabaki inawaka kama mshumaa dirishani. Kila mtoto wa bonde hili anajua vibonye hivyo: bonyeza babu, bonyeza vumbi, bonyeza mshumaa, jaji atalia. Babu yake Mabli ni Idwal, muuza matairi, na mgodi ulifungwa kabla hajamaliza shule. Shimo refu kuliko yote aliyopata kushuka ni lile la gereji yake.

Na bado lilikuwa bora kuliko mengine yote. Hilo ndilo lililonichosha. Lilikuwa limenyooka, halina kosa hata moja, na halikuwa na mtu ndani. Katikati tu palikuwa na mstari mmoja uliofufuka ghafla, kuhusu mlango wa supamaketi unaojifungua wenyewe kwa kila apitaye, hata asiyetaka kuingia. Niliusoma mstari ule mara mbili. Kisha Mabli akauacha, akarudi kwenye mshumaa.

Nilishika kalamu niandike kwamba Jivu anastahili. Lilikuwa jambo rahisi, tena la huruma. Julai si mbali, Bowen angefurahi, mama wa mtoto angefurahi, mimi ningekwenda zangu baharini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu tumemsifu tangu hajajua kufunga viatu. Hata kosa si lake. Sisi ndio tuliomvika kilemba cha ukoka kila asubuhi, kisha tukashangaa mbona anatazama treni. Hasira ikanipanda, nikaandika kitu kingine.

Sikumwambia mtu yeyote.

Siku ya tamasha ukumbi ulinuka supu ya kondoo na liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, kutoka kantini. Wavulana walikuwa wamejibandika liki mbichi vifuani, kama ilivyo desturi ya sikukuu, na kabla ya adhuhuri walikuwa wameshazitafuna nusu. Idwal alikuwa mstari wa pili ndani ya suti iliyombana, na kando yake mama yake Mabli, aliyeomba ruhusa hospitalini anakofanya kazi. Bowen alivaa joho lake. Aliponipa mkono wa kunipandisha jukwaani alinikonyeza, na nyonga yangu nayo ikanikumbusha kwamba ipo.

Nilisoma hukumu yangu polepole. Nilisema mashairi mengi mwaka huu yalikuwa safi, na kwamba usafi si ushairi, hata sakafu inaweza kuwa safi. Nilisema Jivu ana uwezo kuwapita wenzake wote, na kwamba sikumwamini hata kidogo. Nilisema babu aliyekufa katika shairi lile hajapata kuishi. Niliusoma ule mstari wa supamaketi kwa sauti, nikasema hapo ndipo mshairi alipotuonyesha uso wake kisha akaufunika. Ukumbi ulikuwa umeanza kujikunja.

“Hakuna aliyestahili,” nikasema.

Nikanyamaza. Na yule mpiga tarumbeta, ambaye alikuwa ameambiwa apulize nitakaponyamaza, akapuliza. Taa ikaanza kutangatanga juu ya vichwa vya watu ikitafuta mtu wa kummulika. Vitoto vikasikia tarumbeta, vikaingia na maua, na kwa kuwa hakuna aliyevizuia, vikakizunguka kiti kitupu, vikacheza ngoma yote mpaka mwisho, vikakiinamia. Watu hawakujua wapige makofi au wasali.

Mabli hakuinamisha kichwa. Taa ilipompitia usoni nilimwona ananitazama mimi, macho makavu.

Mlangoni Idwal alinisubiri na kikeki cha zabibu kavu mkononi. Kiwelisi chake ni cha jikoni, lakini kinatosha.

“Nasikia nimekufa, Eirwen.”

“Umekufa vibaya, Idwal.”

“Mapafu?”

“Mapafu.”

Alitafuna kwa muda. “Bora ningelipukiwa na tairi,” akasema. “Hilo lilikaribia kutokea kweli.” Kisha akaacha utani. Alinieleza kwamba mama wa mtoto yuko garini analia, na kwamba chuo kinataka jibu kabla ya Ijumaa jioni. Hakunilaumu. Alinigusa bega kama agusavyo gari la mteja, kuona kama bado linatembea, akaenda zake.

Bowen ndiye aliyenilaumu, na alikuwa na haki yake. Aliniambia nimempandisha mtoto treni kwa mikono yangu mwenyewe. Alisema shule haiwezi kuishi kwa viti vitupu, kwamba mimi naenda kula upepo wa bahari na yeye anabaki na madarasa yasiyo na watu. Tangazo la nafasi yangu lilikuwa limekaa wiki kadhaa bila mwombaji hata mmoja, maana walimu wa Kiwelisi ni adimu bondeni kuliko jua. Kesho yake kiti kilikuwa ndani ya darasa langu.

“Kwa kuwa hukutaka kiende na mtu, Mwalimu,” akasema, “kaa nacho.”

Watoto wakaanza kukitupia mabegi.

Ijumaa mchana Mabli alikuja. Wafagiaji huanza mapema siku hiyo, kwa hiyo viti vyote vilikuwa vimeshapandishwa juu ya meza, miguu juu. Nilikuwa nimesimama dirishani na bakuli langu la supu. Alifunga mlango, akabaki na koti lake mwilini.

“Lile shairi niliandika ndani ya basi,” akasema.

Nikamwambia nilijua ni baya, lakini hilo la basi sikulijua.

“Nilianza kwenye duka la chipsi nikamaliza getini. Nilitaka kuona kama kuna mtu atagundua.” Akatazama kile kiti. “Mngenikalisha kwa shairi lile, ningeondoka bila hata kugeuka.”

Nilimuuliza kama amekuja kuniambia hayo tu. Akasema hapana, na akaanza kunisimulia siku aliyokwenda kuhojiwa chuoni. Mwalimu wa hesabu wa huko alimpa swali, akalijibu ubaoni, na yule bwana akamwambia mbele ya wengine kwamba amekosea, tena amekosea kivivu. Alifuta ubao wote, akamrudisha mwanzo. Mabli alisimulia hayo kama mtu anavyosimulia zawadi.

“Nililala vizuri usiku ule, Mwalimu. Tangu niko chekechea hakuna aliyeniambia nimekosea. Nikadhani kukosolewa ni jambo la Kiingereza.”

Bakuli nililiweka chini. Nimetukanwa na wazazi, na mara moja na askofu, lakini sikumbuki neno lililonichoma kama hilo. Maisha yangu yote nimeitetea lugha hii isife, na kumbe kwa mtoto aliyeijua kuliko wote ilikuwa lugha ya kupigiwa makofi, na ile nyingine ndiyo lugha ya kufikiri.

“Lete shairi,” nikamwambia.

Alikuwa nalo mfukoni. Tuliinama juu ya meza, katikati ya miguu ya viti. Nilimwambia amefungua mlango mmoja wa kweli, wa supamaketi, kisha akaukimbia kwa sababu hakujua ndani kuna nini. Akabisha. Akasema mlango ule ni mzaha tu. Nikamwambia mzaha huo ndio mstari pekee alioumaanisha. Akabisha tena, akachukua penseli, akafuta babu, akafuta mshumaa, akaniuliza kama mstari wa nne unaweza kuanza na kitenzi. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Nikaeleza, na katikati ya maelezo nikagundua kwamba nimekosea mimi, inawezekana, na nikamwambia hivyo. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu. Supu yangu ilikuwa imeganda mafuta juu, na sikuwa nimehisi nyonga tangu tuanze.

Akainua kichwa. “Nikibaki, utanifanyia hivi kila wiki?”

Ningeweza kumdanganya. Wanafunzi hawakuwa wameambiwa habari za Julai. Lakini tumemdanganya vya kutosha.

“Mabli, mimi mwaka huu ukiisha naondoka. Nastaafu.”

Hakulia, si wa kulia. Aliiweka penseli sawasawa na ukingo wa meza. “Basi,” akasema. Akakunja lile shairi, akalirudisha mfukoni, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akaelekea mlangoni.

Nilichoka wakati ule kwa uchovu ambao kulala hakuuondoi. Nilifikiria kitanda cha dirishani. Nilifikiria ngazi za shule hii wakati wa barafu. Nilimkasirikia yeye kwa kuuliza, nikamkasirikia Bowen, nikamkasirikia hata Iestyn ambaye hana kosa lolote, kwani naye alistahili mwalimu na tukampa Mabli. Mkono wa Mabli ulikuwa umeshashika kitasa.

“Jumatatu,” nikasema. “Mchana. Ubeti wa kwanza, mpya. Bila babu.”

Hakugeuka. “Na Julai?”

“Julai niachie mimi.”

Alitikisa kichwa kukubali, akatoka. Nikasikia viatu vyake vinakimbia koridoni, jambo ambalo haliruhusiwi.

Kengele ya mwisho ilikuwa imeshalia Bowen alipoingia, uso umemjaa furaha. Mabli alikuwa amepiga simu chuoni akiwa ofisini kwake, mbele ya macho yake, akawashukuru, akaikataa nafasi. Bowen hakujua nimemfanya nini mtoto na hakutaka kujua, alitaka tu kunishika mkono. Nilimwambia aliondoe lile tangazo la kazi yangu. Alibaki kinywa wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliyaona yale meno yake ya mbele vizuri.

“Miaka miwili,” nikamwambia. “Na Mabli hamsaidii Iestyn tena. Iestyn mtafutie mtu anayelipwa. Na lile bango la uani literemshwe, linamdhalilisha mtoto.”

“Ndiyo, Mwalimu,” akasema, kama alivyokuwa akisema alipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Alipokwenda zake nyonga ilirudi kwa fujo, kana kwamba ilikuwa nje ya mlango inasikiliza. Nilimpigia Mairwen. Nilimwambia kitanda akigawe kwa mwingine kwa sasa, kuna jambo limetokea, ni refu, nitamweleza Jumapili. Nikasikia redio yake, na nyuma ya redio, bahari.

“Na hiyo nyonga?” akauliza. “Umesimama na simu saa hizi?”

“Nimekaa.”

“Umekaa wapi?”

Viti vyote vilikuwa bado juu ya meza. Nilitazama mikono yangu juu ya ule mwaloni mpya, ambao bado ulikuwa unanuka randa ya Cledwyn.

“Kitini,” nikamwambia.